Jina la Nyumbani: Historia ya Lakabu za Watoto wa Kiume katika Delta ya Rufiji na Kibiti



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana ndogo kwa ukumbi mkubwa kama huu. Nakusudia kuzungumzia jina ambalo mtoto wa kiume hupewa nyumbani na bibi yake, shangazi yake au mkunga, mbali na lile litakaloandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Jina hilo haliingii katika daftari la shule wala katika kitambulisho cha taifa. Hata hivyo, ndilo analoliitikia akiwa nusu usingizini, na aghalabu ndilo litakalotajwa siku ya msiba wake, kwa kuwa majirani wengi hawakuwahi kulijua lile jingine.

Historia ya Rufiji imeandikwa na watu wengi. Wapo walioandika juu ya misafara ya watumwa, wapo walioandika juu ya Vita vya Majimaji, juu ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyoangamizwa katika delta mwezi Julai 1915, na juu ya vijiji vya ujamaa. Maandishi hayo yametegemea zaidi kalamu za maofisa, wamisionari na watafiti. Hoja yangu ni kwamba lakabu ya mtoto ni hati ya kihistoria iliyotungwa na watu ambao hawakushika kalamu, hasa wanawake wazee, na kwamba hati hiyo ina kanuni zake za utungaji zinazoweza kuchunguzwa. Anayemchagulia mwanawe lakabu ya asili leo, awe Kibiti, Dar es Salaam au ughaibuni, anashika hati hiyo mkononi hata kama hajui kuisoma.

2. Nchi na lugha zake

Delta ya Rufiji inakabiliana na kisiwa cha Mafia, na sehemu kubwa ya visiwa na vijiji vyake, katika kata kama Salale, Maparoni, Kiongoroni na Msala, sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Wakazi wake wa muda mrefu ni Warufiji, Wandengereko na Wanyagatwa, na upande wa kusini Wamatumbi. Kwa uainishaji wa Malcolm Guthrie, lugha za eneo hili zimo katika kundi P10: Kindengereko ni P11, Kirufiji ni P12, Kimatumbi ni P13 na Kingindo ni P14. Ni jamaa wa Kiswahili kwa asili ya Kibantu, lakini hazimo katika kundi lake.

Tazama jinsi majina yenyewe yalivyobadilika yalipopita katika kalamu. Guthrie aliiorodhesha lugha ya Warufiji kwa umbo la Ruihi. Mwanaisimu Eva-Marie Ström, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Gothenburg ya mwaka 2013, aliandika Ndengeleko, kwa sauti ya /l/, ambapo Kiswahili huandika Ndengereko, kwa /r/. Kiongozi wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, na ambaye Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwezi Agosti 1905, huandikwa na wanahistoria Kinjikitile. Tamthilia mashuhuri ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 humwita Kinjeketile. Ikiwa majina makubwa kiasi hiki hubadilika irabu na konsonanti yakiingia katika maandishi, tusishangae kuona jina la mtoto, ambalo halikuandikwa kabisa, likipotea lote.

3. Jina, lakabu na somo

Kiswahili kina utajiri wa istilahi katika jambo hili. Lakabu limetokana na Kiarabu laqab, yaani jina la sifa linaloongezwa juu ya jina la kuzaliwa. Desturi hiyo ni kongwe katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, kusini tu mwa delta hii, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akijulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ajili ya ukarimu wake. Lakabu ya sultani, hata hivyo, hupatikana ukubwani na husifu matendo. Lakabu ya mtoto mchanga haiwezi kusifu matendo, kwa kuwa hajatenda lolote. Basi ni lazima iseme juu ya wengine: wazazi wake, wazee wake, majira aliyozaliwa na wale waliomtangulia.

Istilahi ya pili ni somo. Watu wawili wenye jina moja huitana somo. Zamani ilisikika pia wajina. Mtoto aliyepewa jina la babu yake ni somo wa babu, na usomo huo huleta wajibu wa heshima na wa utani. Tatu ni jina la utani, ambalo leo hutumiwa kwa maana pana ya jina la mzaha. Tukumbuke kwamba utani, katika mila za Tanzania, ni uhusiano wenye kanuni: mtani ana ruhusa ya kusema ambalo mwingine angeomba radhi kwa kulisema. Bibi na mjukuu wake wa kiume ni watani. Ndiyo maana bibi humwita mjukuu “mume wangu” mbele ya watu, na hakuna anayekunja uso. Mwenye ruhusa ya kutania ndiye pia mwenye ruhusa ya kutoa jina ambalo baba wa mtoto asingethubutu kulitoa.

4. Pengo la siku saba

Wengi wa wakazi wa Rufiji na Kibiti ni Waislamu. Kwa desturi, mtoto huadhiniwa sikioni mara baada ya kuzaliwa, na jina hutolewa rasmi siku ya saba pamoja na akika kwa mwenye uwezo. Hapana budi, basi, kuwe na siku kadhaa ambazo mtoto yupo lakini jina lake bado. Katika siku hizo ananyonyeshwa, analia na wageni wanamuulizia. Atajwe kwa neno gani? Naona kwamba katika pengo hili ndimo lakabu ilimopatia nafasi yake. Jina la Kiislamu halikuhitaji kulifukuza jina la kienyeji, kwa sababu yalikuja kwa siku tofauti, yakatoka kwa watu tofauti, na yakafanya kazi tofauti.

Kwamba majina ya kienyeji yalikuwa na nguvu kamili tunayo ithibati. Mwaka 1905, waliong'oa pamba huko Nandete, katika vilima vya Matumbi, na hivyo kutangaza vita, walikuwa Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Akida aliyekuwa akiwasimamia kutoka Kibata aliitwa Sefu bin Amri. Majina matatu haya peke yake yanaonesha mpaka wa utawala na utamaduni wa wakati ule. Katika miongo iliyofuata, Uislamu ulipoenea zaidi bara ya Kilwa na Rufiji, majina ya namna ya Ngulumbalyo yalizidi kurudi ndani ya nyumba, ambako yaliendelea kuishi kama lakabu na kama majina ya koo.

5. Kazi tatu za lakabu

Kwa ufafanuzi, nazigawa kazi za lakabu ya mtoto wa kiume katika mafungu matatu.

Kazi ya kwanza ni heshima. Mtoto akipewa jina la baba mzaa baba, mama yake hutatizika. Adabu ya pwani haimruhusu mkwe kumtaja baba mkwe wake kwa jina, wala hawezi kumkaripia mtoto kwa jina hilo. Suluhisho ni kumwita Babu, Mzee au Bwana Mkubwa. Kijana wa miaka 20 anayeitwa Babu mtaani kote anabeba alama ya adabu ya mama yake. Humo pia umo msamiati wa daraja: Mwinyi, neno la kale la mwenye mji au mwenye kitu, limezaa Mwinyimvua, Mwinyikondo na Mwinjuma, majina yanayosikika hadi leo katika Mkoa wa Pwani.

Kazi ya pili ni kinga. Mama aliyezika watoto wawili au watatu hakumpa wa nne jina la fahari. Alimpa jina la kukatisha tamaa: Shida, Mashaka, Mtumwa. Fikra iliyo nyuma yake hupatikana katika jamii nyingi za Afrika, kwamba kifo huvutwa na kilicho kizuri, na kisichotamanika hupitwa. Jina Mtumwa linastahili uangalifu wa pekee. Kisarufi, linatokana na kitenzi tuma katika hali ya kutendwa, na wapo wanaolifasiri kuwa ni aliyetumwa. Lakini Rufiji si mahali ambapo neno hilo lingeweza kusikika bila kivuli. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, misafara kutoka Kilwa ilipita nchi kavu kuelekea kaskazini, ikivuka mto huu, na Frederic Elton aliishuhudia njiani mwishoni mwa mwaka huo. Tafsiri yangu ni kwamba mtoto aliyeitwa Mtumwa alitangazwa kuwa tayari ana mwenyewe. Kifo kikija kudai, kitakuta mali ya mtu. Ni hoja ya kisheria iliyofumbwa katika neno moja.

Jina lingine la kundi hili limefungamana na kitabu muhimu cha taaluma yetu. Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, kilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na kufariki huko mwaka 1927. Tunalitaja jina lake kila mwaka darasani bila kusimama kwenye neno lenyewe: mtoro, anayetoroka. Yeyote aliyemwita hivyo na kwa sababu yoyote ile, lakabu imevuka bahari na kuwa jina la mwanachuoni.

Kazi ya tatu ni kumbukumbu. Katika nchi ambayo mpunga, samaki na maisha yenyewe yalifuata kupanda na kushuka kwa mto, miaka ilihesabiwa kwa maji. Mvua na Masika ni majina ya majira. Kondo, neno la kale la vita, na Njaa ni majina ya misukosuko. Mafuriko ya mwaka 1974, mvua za El Nino za 1997 na 1998, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyowakumba Rufiji na Kibiti, ni vigingi vya aina hiyo. Mtu aitwaye Masika hahitaji cheti ili ajue alizaliwa majira gani. Anahitaji tu mzee wa kumkumbusha ni masika ipi.

Kazi hizi si za Rufiji pekee. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, kisha Kambarage, jina la pepo wa mvua, na jina la Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943. Umbali wa Butiama na delta ni mkubwa, na dini ni tofauti, lakini tabaka za majina zimepangwa kwa namna ileile.

6. Sarufi ya lakabu

Wanafunzi wa isimu watapenda kujua kwamba Kiswahili kinatofautisha wazi kati ya neno na jina lililotokana nalo. Shida imekuja ni habari mbaya. Shida amekuja ni habari njema. Mashaka yameisha huhusu wasiwasi, Mashaka amelala huhusu mtoto. Nomino iliyokuwa katika ngeli ya I-ZI au YA-YA hupokea upatanisho wa A-WA, na wingi wake hufanywa kwa akina: akina Shida.

Umiliki unaonesha zaidi. Nomino nyingi za ujamaa hubaki na kiambishi cha ngeli yao ya kale: baba yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Jina la mtu binafsi hudai wangu: Juma wangu. Mama anaposema shida yangu, analalamika. Anaposema Shida wangu, anabembeleza. Kwa konsonanti moja, msiba umegeuzwa kuwa mwana. Sijui kama kuna ushahidi bora wa kwamba waliotunga lakabu hizi waliifahamu lugha yao kwa kina.

Kanuni hii inaeleza pia kwa nini lakabu ya Kindengereko au ya Kirufiji ina thamani ya ziada kwa mtafiti. Neno la kawaida likiachwa kutumika hufa. Jina la mtu halifi hadi mwenyewe afe, na mara nyingi hurithiwa na mjukuu. Hivyo jina laweza kuhifadhi mzizi au kiambishi ambacho wasemaji wa leo, waliohamia Kiswahili, hawakitumii tena katika sentensi.

7. Mabadiliko ya nusu karne

Mambo mawili makubwa yameibadilisha desturi hii. La kwanza ni kuhamishwa kwa makazi. Katika Oparesheni Rufiji, mwaka 1968 na 1969, wakazi wa bonde la mto walihamishiwa katika vijiji vya sehemu za juu. Familia zilizozoea kukaa mashambani, zikilinda mpunga kutoka madunguni, zilikusanywa karibu na shule, zahanati na ofisi ya kijiji. Huduma hizo zilihitajiwa. Lakini kila mojawapo ilikuja na daftari, na daftari lilikuwa na nafasi ya jina moja la mtoto na jina la baba yake. Halikuwa na safu ya jina la bibi.

La pili ni jambo la kheri. Mwezi Novemba 1998 ulianzishwa Rufiji mfumo wa ufuatiliaji wa idadi ya watu na afya, uliohusu vijiji 31, ambamo wadadisi walitembelea kila kaya kila baada ya miezi 4 na kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Takwimu hizo zilisaidia halmashauri kupanga matumizi ya afya, na katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Tuizingatie maana ya tarakimu hiyo kwa mada yetu. Lakabu ya kinga ilitungwa na mama aliyekwisha zika. Vyandarua, chanjo na dawa zikifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na jina, jina hubaki bila kazi. Hakuna mwenye akili atakayezililia zama ambazo mtoto alihitaji kuitwa Mtumwa ili aishi. Lakini majina hayo ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya watoto waliotangulia, ambao hawakuandikwa popote. Mzee aitwaye Mashaka ni jiwe la kaburi la ndugu zake wasio na kaburi lenye jina. Tukiyafuta kwa aibu, tunawazika watoto wale mara ya pili.

8. Kuchagua leo

Wanafunzi wangu ambao sasa ni wazazi huniuliza mara kwa mara wachague lakabu gani ya asili. Huwa sitoi orodha, kwa kuwa jina lililookotwa katika orodha halina mtoaji, na lakabu bila mtoaji ni neno tu. Badala yake napendekeza maswali manne.

Kwanza, nani atatoa? Kama bibi au babu yu hai, haki ni yake, na kumwomba ni sehemu ya jina. Pili, jina linatamkwaje? Lisikilizwe kutoka kinywani mwa msemaji wa lugha, likiwa na /l/ au /r/ yake, kabla ya kuandikwa kwa tahajia ya Kiswahili. Tatu, mtoto ataweza kuzeeka nalo? Miongoni mwa Wayao na Wamakonde, jina la utotoni huachwa baada ya jando, na kumwita mtu mzima kwalo ni kumtusi. Lakini pwani lakabu huweza kumfuata mtu hadi kaburini. Hapa Waislamu wana kipimo cha wazi: aya ya 11 ya Sura al-Hujurat inakataza kuitana kwa majina ya kuudhi, na neno linalotumika humo ni alqab, wingi wa laqab, asili ya lakabu yetu. Jina la kinga lilikubalika kwa sababu lilitolewa kwa huruma, na kila aliyelisikia alijua hivyo. Jamii ikisahau huruma hiyo, jina lilelile hugeuka kuwa kejeli. Hivyo anayetaka kumrithisha mwanawe jina Mtumwa hana budi kumrithisha na kisa chake.

Nne, limeandikwa wapi? Swali hili lina uzito wa kisheria. Katika mashauri ya mirathi si ajabu kukuta marehemu aliyefahamika kwa jina moja kijijini na kwa jingine katika hati, na warithi wakalazimika kula kiapo kuthibitisha kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Daftari dogo la familia, lenye jina rasmi, lakabu, aliyeitoa, mwaka na sababu, lingeokoa fedha na ugomvi.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba lakabu ya mtoto wa kiume katika Rufiji na Kibiti ilitunza heshima kati ya wakwe, ilipigana na kifo kwa silaha ya lugha, na iliandika kalenda ya mto. Uislamu haukuifuta, bali iliishi kando yake kwa karne nyingi. Daftari la serikali limeisukuma pembeni kwa muda mfupi zaidi, bila nia mbaya, kwa kukosa safu tu.

Kindengereko na Kirufiji vinapoteza wasemaji vijana, na wazee wanaojua kisa cha kila jina wanapungua kila mwaka. Nawaomba wanafunzi wa idara zetu wanaotoka Kibiti, Ikwiriri, Mohoro na visiwa vya delta, wakati wa likizo, wakae na bibi zao na kuuliza maswali mawili: huyu aliitwa nani nyumbani, na kwa nini? Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala mashine. Inahitaji adabu, daftari na kuwahi.